Ritungu si Zeze: Uhakiki wa Maneno Yetu juu ya Kazi ya Fundi wa Ala za Nyuzi

I

Mwandishi wa mjini akiletewa karatasi yenye jina la Mbalibali, aghalabu hudhani kwamba aliyeandika amesahau herufi moja. Huitia herufi hiyo, na jina la mahali likawa neno la kawaida, "mbalimbali". Nia yake ni njema, na kosa lake ni dogo. Lakini mahali pamekwisha kufutwa katika karatasi, na aliyefuta hana habari. Mbalibali ni mahali hasa, katika mkoa wa Mara, katika nchi ya Tarime na Serengeti ambayo Mto Mara huipitia ukielekea Ziwa Viktoria. Makala haya yahusu kosa la jinsi hiyo hiyo, ila kosa hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa limefanywa kwa miaka mingi na watu wenye elimu: kosa la kulisahihisha jina la ala ya nyuzi ya nchi ile, hata ala yenyewe isitambulikane tena.

Ala hiyo kwa Kikuria huitwa iritungu. Wasemao Kiswahili katika Mara husema ritungu, na wengine, hasa upande wa Kenya, husema litungu. Lakini katika maandiko ya Kiswahili, katika vibandiko vya maonyesho, na katika maelezo ya nyimbo, mara nyingi hatulioni jina hilo. Twaona "zeze", twaona "kinubi", na siku hizi twaona "gitaa la asili". Msomaji asiyepata kuiona ala yenyewe hupewa picha tatu zisizopatana, na hakuna hata moja iliyo picha ya ritungu.

Huenda mtu akasema kwamba hili ni jambo la majina tu, nalo halifai kusumbua wasomi. Mimi nasema kwamba ni jambo la uhakiki wenyewe. Ritungu si chombo kinachofanywa kwa kipimo kimoja kikauzwa kwa yeyote apitaye. Ni chombo kinachofanywa kwa kipimo cha mtu: sauti yake, urefu wa mkono wake, na namna ya nyimbo zake. Kwa hiyo kazi ya fundi ni sehemu ya utungaji, nayo hutangulia maneno ya wimbo. Lugha isiyo na jina la ala wala la viungo vyake haiwezi kuipima kazi hiyo. Na wimbo uliochapwa bila habari zake umechapwa nusu.

II

Yafaa kwanza tuzitenge aina za ala, kwa kuwa mchanganyiko wa majina umetokana na kutozitenga. Mwaka 1914 Erich von Hornbostel na Curt Sachs walitoa utaratibu wa kuzipanga ala za dunia nzima, si kwa majina yake wala kwa mataifa yanayozitumia, bali kwa jinsi sauti inavyotokea. Katika ala za nyuzi walitazama jinsi nyuzi zinavyoshikwa na mwili wa ala. Utaratibu huo una mapungufu yake, lakini kwa haja yetu watosha.

Aina ya kwanza ina tumbo na shingo, na nyuzi hupita juu ya shingo. Mkono mmoja hupiga na vidole vya mkono wa pili hubana nyuzi, na hivyo uzi mmoja hutoa sauti nyingi. Udi, gambusi na gitaa ni wa aina hii. Na fidla pia ni wa aina hii, ila hupigwa kwa uta.

Zeze la pwani, katika umbo lake lijulikanalo sana, ni ubao au fimbo iliyofungwa juu ya kibuyu, likiwa na uzi mmoja au nyuzi chache. Katika Ugogo jina hilo hilo la zeze ni la ala inayopigwa kwa uta kama fidla. Ni ala mbili zenye jina moja, lakini katika zote mbili nyuzi hufuata mti mmoja.

Aina ya tatu ina shingo moja iliyopinda kutoka tumboni, na nyuzi huinuka kutoka kwenye ngozi kuiendea shingo hiyo, zikiwa zimesimama juu ya ngozi. Ennanga ya Waganda na adungu ya Waalur ni mifano yake.

Aina ya nne ndiyo yetu. Ina tumbo lililowambwa ngozi. Kutoka tumboni hutoka mikono miwili. Mikono hiyo huunganishwa juu kwa mti unaokingama. Na nyuzi huanzia mwisho wa tumbo, hupita juu ya daraja lililosimama juu ya ngozi, hata zikafungwa kwenye mti ule wa juu. Hakuna shingo, wala hakuna mahali pa kubania uzi. Ritungu la Wakuria ni la aina hii, nalo lina nyuzi nane. Nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Wakisii nazo zina nyuzi nane. Litungu la Wabukusu lina nyuzi saba. Na katika Uganda iko endongo. Kaskazini zaidi ziko krar na begena za Ethiopia, na kissar ya nchi ya Nubia. Katika Afrika aina hii ilikaa kaskazini-mashariki, kufuata Mto Nile na nyanda za Ethiopia hata kulizunguka Ziwa Viktoria. Nchi ya Mara i karibu na mpaka wake wa kusini. Mtu akitoka huko akaenda Unyamwezi au Ugogo, ataziona ala nyingine za nyuzi, wala hataiona hii katika mila za wenyeji. Jambo hili pekee lingetosha kumzuia mwandishi asiifiche ala hii nyuma ya jina la ala ya pwani.

Msomaji ataona pia kwamba majina yenyewe husafiri kwa njia yake, na ala kwa njia yake. Waganda huita ennanga ala yenye shingo iliyopinda. Wahaya huita enanga ala nyingine kabisa, mti uliochimbwa kama hori na kutandazwa nyuzi juu yake. Na inanga ya Rwanda na Burundi ni kama ile ya Wahaya. Hali kadhalika jina la litungu kwa Wabukusu na iritungu kwa Wakuria ni jina moja kwa ala mbili za aina moja zisizolingana kwa idadi ya nyuzi. Kwa hiyo mtafiti anayetaja jina bila kueleza umbo, na yule anayetaja umbo bila jina, wote wawili wametoa habari pungufu.

III

Sasa tuyapime maneno matatu tunayoyatumia mahali pa ritungu.

Zeze ndilo lililoenea kupita yote, na sababu yake yajulikana. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya lugha ya pwani, na kamusi zake za mwanzo, tangu ile ya Krapf ya mwaka 1882 hata ile ya Johnson ya mwaka 1939, ziliandikwa hasa kwa maneno ya pwani na visiwani. Mtu wa pwani alipofika bara akaona ala ya nyuzi asiyoijua, alilichukua neno la ala ya nyuzi aliyoijua. Hilo ni jambo la kawaida katika kila lugha, wala si la kulaumiwa. Kinachofaa kulaumiwa ni kwamba sisi tuliokuja nyuma, tukiwa na shule na vitabu, tumeendelea na lile lililokuwa la msafiri wa siku moja. Zeze ni ala ya nyuzi chache na mti mmoja. Ritungu ni ala ya nyuzi nane na mikono miwili. Kuyaita mawili haya kwa jina moja ni kama kuita jahazi na mtumbwi kwa jina moja kwa sababu vyote huelea.

Kinubi ni neno lenye haki zaidi, japo wengi hulitumia bila kuijua haki hiyo. Kwa umbo lake ni neno lenye kiambishi ki- na jina la Wanubi, yaani kitu cha namna ya Kinubi. Na nchi ya Nubia ni mojawapo ya makao mashuhuri ya ala zenye mikono miwili. Tena Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952 yamtaja Daudi kuwa mpiga kinubi. Na ala ya Daudi, ambayo kwa Kiebrania ni kinnor, ilikuwa ya aina ya nne, yenye mikono miwili, wala haikuwa ile yenye shingo iliyopinda. Hata kama asili ya neno ingekuwa nyingine, matumizi hayo ya Biblia yangetosha kutuongoza. Lakini siku hizi wengi wakisikia kinubi hufikiri ala kubwa ya Ulaya yenye nyuzi nyingi, isimamayo sakafuni mbele ya mpigaji. Neno limeiacha ala iliyo jirani yetu likaenda kukaa Ulaya.

La tatu, "gitaa la asili", ndilo jipya, nalo ndilo baya kuliko yote. Kwanza si kweli, kwa kuwa gitaa lina shingo na ritungu halina. Pili, neno "asili" hapa lina dharau ndani yake: lamfanya msikiaji afikiri kwamba gitaa ndilo lililokomaa, na ritungu ni jaribio la mtu asiyeweza kupata gitaa. Historia yasema kinyume. Ala za mikono miwili zilifukuliwa katika makaburi ya Ur, katika nchi ya Irak ya leo, nazo ni za miaka ipatayo 2500 kabla ya Kristo. Gitaa la nyuzi sita halikuenea ila mwisho wa karne ya 18. Ala hizi hazikuzaana, na hakuna iliyo mtoto wa mwenziwe.

Liko kosa la nne, ambalo wasomi wa lugha hawana budi kujihadhari nalo kuliko watu wengine. Mswahili akisikia "ritungu" hukumbuka mara moja kitenzi "kutunga", chenye maana ya kupitisha shanga katika uzi na pia maana ya kubuni shairi. Wazo hilo lapendeza, maana hapa pana nyuzi na pana mashairi. Lakini mfanano wa sauti kati ya lugha mbili za Kibantu si ushahidi mpaka ufuatwe kwa kanuni za mabadiliko ya sauti, konsonanti kwa konsonanti na toni kwa toni. Jina la ritungu halihitaji kupewa heshima kwa kuunganishwa na neno letu.

IV

Tuje sasa kwenye kazi yenyewe, kwa maana ndiyo itakayoonyesha kwa nini majina yana uzito.

Kazi huanza katika gogo. Fundi hulichonga kwa shoka na tezo, akalifukua ndani mpaka liwe kama bakuli kubwa. Kisha hulifunika ngozi ya ng'ombe, naye huiwamba ingali mbichi, ili ikikauka ijikaze yenyewe. Hutia mikono miwili, akaiunganisha juu kwa mti unaokingama. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za ng'ombe; siku hizi nyingi ni za nailoni, ule uzi wa kuvulia samaki. Juu hakuna vigingi vya kukazia. Kila uzi huzungushwa kwenye mti wa juu pamoja na kitu cha kuushika usiteleze, kama kitambaa au ukanda, na mpigaji akiusokota huku au huku sauti hupanda au hushuka.

Katika kila hatua ya kazi hiyo liko swali ambalo haliwezi kujibiwa bila kumjua atakayepiga.

Swali la kwanza ni la tumbo. Tumbo kubwa huzipa nguvu sauti za chini, na ritungu la Wakuria lajulikana kwa mngurumo wake. Lakini mpigaji ndiye mwimbaji, naye huimba karibu kabisa na ala yake. Mtu wa sauti nyembamba akipewa tumbo kubwa kupita kiasi, maneno yake humezwa. Na mtu wa sauti nzito akipewa tumbo dogo, ala yake husikika kama mtoto anayemfuata mzee njiani.

Swali la pili ni la mikono ya ala, yaani urefu wa nyuzi. Hapa sheria ya maumbile haina huruma. Uzi ukipunguzwa hata kuwa nusu ya urefu wake, mkazo ukibaki ule ule, mitetemo yake huwa maradufu. Lakini mtu akitaka kuipata ile maradufu kwa kukaza tu, hana budi kuutia uzi mkazo wa mara nne. Hata kuipandisha mitetemo kwa robo moja kwataka mkazo uongezwe kwa zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba fundi akikosea urefu, kosa hilo haliponyeki baadaye kwa kukaza au kulegeza. Nyuzi zitakatika au ngozi itashuka, na kama sivyo, nyuzi zitalegea hata zisitoe sauti safi. Urefu lazima upatane na sauti ya mwimbaji kabla ya mti kukatwa. Tena lazima upatane na mwili wake, kwa sababu mpigaji huketi chini juu ya kigoda, na vidole vyake vina budi kuzifikia nyuzi zote nane bila kuinuka.

Swali la tatu ni la ngozi. Ngozi nene hutoa sauti nzito na fupi. Nyembamba hutoa sauti kali, nayo hupasuka upesi. Kila ngozi hulegea wakati wa mvua na kukaza wakati wa jua, na kwa hiyo fundi huiwamba akikumbuka majira, si siku ile ya kazi tu.

Swali la nne ni kubwa kuliko yote, nalo ni la nyuzi zenyewe. Kwa kuwa hakuna shingo ya kubania, uzi mmoja hutoa sauti moja. Nyuzi nane ni sauti nane, basi. Wimbo wote, wa sifa za ng'ombe, wa arusi, wa jando au wa kumchekesha mzee katika kikao, hauna budi kukaa ndani ya sauti hizo. Mpiga udi aweza kwenda atakako, na vidole vyake vitamfuata; mpiga ritungu huchagua kwanza, kisha huimba. Kuzichagua sauti nane zinazoifaa koo ya mtu, ya chini kabisa isimpite na ya juu kabisa isimchoshe, ni kazi ya utungaji. Washairi wetu wa pwani wataelewa nikisema kwamba fundi na mpigaji humtengenezea mwimbaji bahari yake, na mashairi yote yatakayofuata yataogelea humo.

Tuilinganishe kazi hii na ya mafundi wa Ulaya, ambao sifa zao ni kubwa na wanastahili. Tumbo la fidla ya kawaida lina urefu wa sentimita 35.5 hivi, uzi wa gitaa la kikale, tangu kazi ya Antonio de Torres wa Hispania katika karne ya 19, una urefu wa sentimita 65 hivi kutoka mfupa wa juu hata daraja. Vipimo hivyo vimekwisha kukazwa, na mtu hujifunza kujipatanisha navyo tangu utoto wake. Faida yake yaonekana: mpigaji aweza kuiazima ala ya mwenzake, na watu mia waweza kupiga pamoja. Ritungu lilichagua njia nyingine, ya kuipatanisha ala na mtu. Haifai kusema njia ipi ni bora bila kutaja kazi inayotakiwa. Kwa mtu anayeimba peke yake, akijipigia mwenyewe, katika lugha yake, njia ya ritungu ina mantiki kamili.

Mara nyingi fundi na mpigaji huwa ni mtu mmoja, na hapo kipimo huwa ndani ya kichwa chake. Jambo hili si la Mara peke yake. Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuimba katika mabara mengi, alijitengenezea ilimba zenye funguo nyingi kuliko ilivyo desturi. Anayemsifu kwa sauti yake tu, akazisahau ala alizojichongea, amemsifu nusu.

V

Tukisha kulifahamu hili, hatuna budi kuutazama upya uhakiki wetu wa nyimbo.

Elimu ya ushairi wa Kiswahili ina nguvu katika mambo ya vina, mizani na vipande. Imekulia katika maandishi, na maandishi yamehifadhi maneno. Ndiyo maana hata tunapohakiki nyimbo za taarabu, tunayachambua maneno kana kwamba hayakupata kuambatana na udi wala kanuni. Katika taarabu hasara hiyo si kubwa sana, kwa kuwa maneno mengi hufuata kanuni za shairi, nayo husimama yenyewe. Lakini mtafiti akichukua desturi hiyo hiyo kwenda nayo Tarime na Serengeti, hasara huzidi, na sababu imo katika lugha.

Kiswahili hakina toni. Mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwimbaji aweza kuipandisha au kuishusha sauti bila kuiharibu maana. Kikuria ni lugha ya toni. Wanaisimu wameonyesha kwamba katika vitenzi vyake mahali pa toni ya juu hutegemea njeo na hali ya kitenzi: yaweza kuanzia kwenye mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne. Ni mpango uliowashangaza wataalamu wa lugha za Kibantu. Basi mwimbaji wa Kikuria ana mabwana wawili: toni ya neno na sauti ya uzi. Je, uzi hufuata toni? Huipinga mahali gani, na kwa kusudi gani? Kupanda kwa sauti mwisho wa ubeti kumetakiwa na kitenzi, au kumetakiwa na uzi wa nane? Haya ndiyo maswali ya mhakiki wa nyimbo hizi. Anayeyaandika maneno kwa herufi za Kiswahili, bila alama za toni, tena bila kutaja jinsi nyuzi zilivyolinganishwa, ameyafuta maswali yenyewe.

Kazi za waliotangulia zinastahili shukrani katika jambo hili. Hugh Tracey, aliyerekodi nyimbo katika Tanganyika mwaka 1950 na kuanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika mwaka 1954, alikuwa na desturi ya kupima mitetemo ya ala. Margaret Trowell na Klaus Wachsmann walieleza ala za Uganda katika kitabu chao cha mwaka 1953 kwa uangalifu mkubwa, na Graham Hyslop alitoa kitabu juu ya ala za Kenya mwaka 1975. Lakini kazi hizo ziliandikwa kwa Kiingereza, na kipimo cha mitetemo peke yake hakitoshi. Chatuambia sauti za nyuzi siku ile. Hakituambii kwamba sauti hizo zilikuwa za koo ya mtu yule, na kwamba mwanawe akilirithi ritungu lile atazibadili zote. Anayezichukua namba hizo kuwa "mizani ya Wakuria" ameifanya koo ya mtu mmoja kuwa sheria ya kabila.

VI

Si haki kuisifu kazi ya zamani na kuzifumbia macho kazi za leo. Nailoni imeleta faida ya kweli. Haiozi, unene wake ni sawa kutoka mwanzo hata mwisho, na unyevu hauisumbui kama unavyosumbua kano. Hasara yake ni kwamba unene wa nyuzi huamuliwa na kiwanda. Fundi wa kano aliweza kusokota kila uzi kwa unene autakao. Fundi wa nailoni huchagua miongoni mwa zile zilizoko dukani. Ufundi haukufa, umepungukiwa na hatua moja, na fundi hodari huifidia kwa urefu wa mikono na kwa mahali pa daraja.

Wengine hutia vigingi vya chuma mahali pa vitambaa, ili ala ilinganishwe upesi na kinanda cha umeme jukwaani. Ala za ukoo huu zina haki ya kupanda jukwaani; Ayub Ogada wa Kenya, aliyefariki mwaka 2019, aliifikisha nyatiti Ulaya, na wengi waliisikia kwanza kwake. Mimi sina ugomvi na kigingi. Swali la mhakiki ni hili: nyuzi zimelinganishwa na nani? Zikilinganishwa na koo ya mwimbaji, kigingi ni msaada. Zikilinganishwa na kinanda, na mwimbaji akalazimika kuipandisha sauti yake asikofika, ala imeacha kuwa yake.

Yako pia yale yanayofanywa kwa ajili ya ukuta na mgeni: yote kwa ukubwa mmoja, ngozi imelegea, nyuzi zimefungwa bila kulinganishwa. Hayo ni sanamu za ritungu. Kuyafanya si dhambi, na mchongaji hula jasho lake. Lakini jumba la maonyesho likiyaweka mahali pa ritungu, na kuyaandika "zeze" juu yake, uongo umekuwa mara mbili.

VII

Watakuwako watakaosema kwamba lugha ya taifa haiwezi kubeba jina la kila chombo cha kila nchi. Lakini Kiswahili kilipokea udi na kanuni kutoka kwa Waarabu, fidla na gitaa kutoka Ulaya, wala hakuna aliyelalamika kwamba kinazidiwa na mzigo. Lugha iliyowakaribisha wageni hao haiwezi kumnyima mahali jirani wa Mara.

Napendekeza, basi, mambo manne. Kwanza, ritungu liingie katika Kiswahili kwa jina lake, nalo likae katika ngeli ya ji-/ma-: ritungu hili, maritungu haya. Mwanachuoni atasema kwamba ri- ni sehemu ya kiambishi cha Kikuria na kwamba mzizi ni -tungu. Ni kweli, lakini wasemaji wamekwisha kuamua, nao hulitamka neno zima, na haifai kamusi iwafunze upya.

Pili, kinubi kirudishwe kuwa jina la ukoo wote wa ala zenye mikono miwili, na chini yake zitajwe ritungu, nyatiti, obokano, endongo na nyinginezo. Ala zenye shingo iliyopinda zipewe jina lake kutoka Afrika Mashariki yenyewe, ambako adungu yajulikana sana.

Tatu, viungo vya ala vipewe majina, na kabla ya kubuni tuwaulize mafundi. Pale ambapo Kiswahili kina neno, litumike: tumbo, ngozi, kuwamba, mikono, mwamba kwa mti wa juu, daraja, kano. Maneno hayo tunayo tayari. Tumeacha tu kuyaweka pamoja.

Nne, kila wimbo wa ritungu unaochapwa utanguliwe na habari hizi: idadi ya nyuzi na kitu zilichofanywa, sauti za nyuzi kwa mpangilio wake, sauti ya chini na ya juu ya mwimbaji, na kama fundi na mpigaji ni mtu mmoja au wawili. Mistari minne yatosha. Pasipo mistari hiyo, mhakiki atakayekuja hana cha kuhakiki ila maneno.

Mti huliwa na mchwa na ngozi huliwa na wadudu. Ala hizi hazikai karne nyingi kama kinanda cha mawe. Zimedumu kwa sababu kila kizazi kimechonga upya kwa kumtazama fundi wa kizazi kilichopita. Pale ambapo hapana fundi wa kutazamwa, mtu atakayetaka kulifanya ritungu atakuja kwenye vitabu vyetu. Akikuta tumeandika zeze, atafanya zeze, naye atatushukuru bila kujua tulichompotezea.